Hatua Sitini za Kasika

Nyuma ya nyumba yetu hapa Bulengera kuna chumba kimoja cha udongo, na ndani yake, mwaka wa sita sasa, anaishi mwanamke anayeitwa Kasika. Anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza sokoni. Ukitaka kumjua usimtafute kwa uso, maana uso wake ni wa kawaida. Mtafute kwa sombe. Katika soko letu hakuna mwingine anayetwanga majani yakalainika namna ile, na nasema hivyo ingawa mimi mwenyewe najiona mpishi.

Jina langu ni Halima. Tulikimbia Beni, mimi na mume wangu Kasimu na mwanetu Lukman, mwaka ule mauaji yalipokaribia mtaa wetu, na hapa Butembo nikafungua kibanda cha vitenge. Kasimu anaendesha lori la mizigo, anakwenda hadi Kamango na kurudi. Husema kwamba mdomo wangu una sauti kuliko honi yake, nami sikatai. Nikiona mtu anaonewa siwezi kukaa kimya. Ndiyo maana habari ya Kasika imenikaa kooni miaka yote hii, kwa sababu yeye alinyamaza, tena kwa kupenda kwake mwenyewe.

Kasika alikuwa na mama huko Kasugho, mzee Kanyere. Kwa miaka sita mama huyo hakutaka kumwona binti yake wa kumzaa. Kasika alikwenda mara mbili, saa kadhaa juu ya pikipiki kwenye matope, na mara zote mbili mama alijifungia ndani. Mara ya pili Kasika alikaa uani tangu asubuhi. Alifagia ua, akachota maji, akapanga kuni, na mama yupo upande wa pili wa ukuta akikohoa, hasemi neno. Jua lilipoinama Kasika akapanda pikipiki akarudi. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, mama yake amsemeshe kabla hajafa. Nilikuwa nikimsikia akiomba rozari yake kila alfajiri, wakati mimi natandika mkeka wa swala, na nilijua anachoomba.

Kosa lake lilikuwa nini? Hapo ndipo damu yangu huchemka, kwa hiyo niacheni nieleze polepole.

Baba yao alikufa Kasika akiwa bado anabebwa mgongoni. Aliyemlea ni kaka yake, Vagheni, aliyemzidi miaka tisa. Vagheni aliacha shule darasa la tano ili Kasika asome, akalima mashamba ya watu, akamnunulia madaftari, na msichana alipoumwa surua alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, kijiji baada ya kijiji. Kasika akisimulia habari za kaka yake sauti hubadilika. Alipoolewa, Vagheni ndiye aliyelia, si mama. Na ndoa ilipokaa miaka bila mtoto, na mume akaanza kutafuta maneno, Vagheni ndiye aliyesema: njoo kilimani, kuna kazi, utashika pesa yako mwenyewe na bwana wako atakuheshimu.

Kilima hicho kipo ndani ya pori, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kasugho. Ni kilima cha dhahabu. Wanaume huchimba mahandaki marefu na kutoa mawe, mashine ya mota huyasaga yakawa unga, na wanawake huuosha ule unga kwenye mabwawa. Dhahabu ikishatoka kinachobaki ni tope la kijivu, tope jingi ajabu, na kwa miaka mingi waliliachia tu lishuke mtoni. Samaki wakafa. Migomba ya watu wa bondeni ikakauka. Na huko ndani kilima kikabaki ganda tupu, mpaka siku moja handaki moja likaporomoka na kuua watu.

Baada ya msiba huo akaja fundi mmoja aliyesomea mambo ya migodi. Aliwaambia jambo ambalo mtoto angeweza kuliona: rudisheni tope kule lilikotoka. Mahandaki yaliyokwisha kazi yajazwe tope lile lile, lichanganywe na mchanga, majivu ya tanuru za matofali na saruji kidogo. Mwisho wa handaki unajengwa ukuta wa miti na magunia, maji yanachuja yakatoka, tope linabaki, na baada ya siku chache linashika na kubeba dari. Kilima kinasimama na mto unapumua. Sitaki mtu atoke hapa akisema kazi ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa kazi nzuri, na waliookoka kwa sababu yake ni wengi.

Wanaume walijenga ukuta, wakajenga na birika kubwa la mbao karibu na mdomo wa handaki. Kukoroga tope waliwaachia wanawake, kwa sababu kazi inayochafua mpaka kwenye kope wanaume hugundua haraka kwamba ni ya kike. Na katika wanawake wote Kasika ndiye aliyelijua tope. Alichota konzi moja, akalifinya, akafungua kiganja. Alama za vidole zikibaki, limefaa. Zikipotea, aliongeza majivu. Lusenge, mkubwa wa kazi ya kujaza, hakupokea tope ambalo Kasika hajalikubali. Lilitelemka kwa mfereji kutoka bwawani hadi birikani, likakusanyika asubuhi nzima, na birika likijaa Lusenge aliinua lango lake kwa mtaimbo, likaingia shimoni lote kwa pamoja.

Kati ya bwawa na mdomo wa handaki kulikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye miti miwili. Kutoka kwenye kamba hadi kwa Lusenge ni hatua sitini. Mwanamke haruhusiwi kuivuka. Walisema mwanamke akikaribia mdomo wa shimo dhahabu inajificha, na akiwa katika siku zake ni mbaya zaidi, kilima kinakasirika na kuwafunika waliomo ndani. Hakuna aliyeicheka kamba hiyo, wanawake wala wanaume. Sisemi ni ujinga, maana na sisi Waislamu tuna miiko yetu na sipendi mtu aje kuichezea. Nasema tu kwamba ilikuwepo, na kila mtu pale aliiamini, Kasika akiwa wa kwanza.

Ilikuwa mwaka ule wa Ebola, siku ya Alhamisi, kiangazi. Handaki la kujazwa lilikuwa lile alilochimba Vagheni na wenzake. Asubuhi waliingia kuondoa nguzo na vyombo vyao, na ilipokaribia adhuhuri wakatoka. Lusenge aliwahesabu mdomoni: kumi na mmoja waliingia, kumi na mmoja walitoka, na Vagheni alikuwa mmoja wao. Hapo Lusenge hakukosea. Kisha wanaume wakaenda kula ng'ambo ya kilima, Lusenge akabaki peke yake na birika lake.

Vagheni hakwenda kula. Alipanda hadi bwawani kwa wanawake, alipokuwa mkewe Falonne akikoroga tope pamoja na Kasika. Falonne alikuwa na mimba ya miezi minne, mimba ya kwanza. Vagheni alikuwa amesahau nyundo na tindo yake huko ndani, na mchimbaji bila nyundo na tindo yake si mchimbaji. Kando ya bwawa kulikuwa na tundu la hewa, shimo la zamani lenye vidato vya kushukia hadi handakini. Kwa kuwa halikuwahi kutoa dhahabu hakuna aliyelijali, wala mwiko haukulihusu.

"Niko nakuya sasa hivi," aliwaambia. "Muniwekee ugali."

Falonne alicheka akamwambia ugali haumkimbii. Vagheni akashuka.

Waliendelea kukoroga kidogo. Kisha Kasika akainua macho akamwona Lusenge kule chini anauokota mtaimbo wake.

Aliacha jembe akakimbilia tundu la hewa, akaita kwa nguvu zote. Vagheni alikwisha ingia mbali. Akamgeukia Lusenge, akapiga kelele, lakini mashine ya kusaga mawe ilikuwa inanguruma juu yao, na Lusenge alikuwa amewapa mgongo akipangusa udongo kwenye lango. Kasika akakimbia hadi kwenye kamba. Alikuwa ameishika tayari, anainama kupita chini yake, Falonne alipomfikia nyuma na kumkamata kitenge.

"Dada, hapana pita," alisema Falonne. "Uko mu siku zako. Ukipita kilima itamufunika. Niende nimuite Maliro, ni mwanaume, atashuka."

Ilikuwa kweli, Kasika alikuwa katika siku zake, na asubuhi ile ile alikuwa amemwambia wifi yake kwamba tumbo linamuuma. Falonne hakumshika kwa ubaya. Alimshika kwa sababu alimpenda mumewe na aliamini kwamba wifi yake akipita pale, mumewe atakufa.

Kasika akasimama. Falonne akapanda mbio na mimba yake hadi kwenye mashine, alipokuwa Maliro aliyeiendesha. Huyo Maliro miaka ya mota ilikwisha mharibu masikio. Falonne akaeleza, Maliro hakusikia, akaeleza tena kwa mikono, Maliro akazima mashine ndipo akaelewa. Akaanza kutelemka. Muda wote huo Kasika alikuwa amesimama na kamba mkononi, akimtazama Lusenge. Alimwona akiingiza mtaimbo chini ya lango. Mashine ilinyamaza, Kasika akaita jina la Lusenge, na Lusenge akageuka, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kubonyeza. Lango likainuka. Tope likaingia.

Hapo ndipo Kasika alipovuka. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo kila mtu alilolipindua baadaye. Alivuka tope likiwa limeshaenda. Alikimbia zile hatua sitini akamrukia Lusenge, wote wawili wakalishusha lango kwa uzito wao, lakini zaidi ya nusu ya birika ilikuwa imekwisha kwenda. Sakafu ya handaki ina mteremko. Tope lilishuka hadi ukutani, likarudi, likapanda, likajaza.

Walichimba siku mbili. Walichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Tope bichi lilikuwa linarudi kila walipolitoa, na siku ya pili likaanza kushika. Lilishika vizuri, kwa sababu lilikuwa tope zuri, lenye majivu ya kutosha. Kasika aliniambia hayo akiwa anachambua majani, bila kuinua kichwa, na mimi niliacha kikombe changu cha chai nikatoka nje. Siku ya tatu fundi alisema wakiendelea watazikwa wengine. Vagheni yupo kule mpaka leo.

Sasa sikilizeni wanaume. Wale waliokuwa wanakula waliposikia kelele walikuja mbio, na kitu cha kwanza walichokiona ni mwanamke amesimama kwenye mdomo wa shimo, amelowa tope, na nguo yake ina damu. Basi, yakaisha. Hakuna aliyeuliza alivuka saa ngapi. Walipofika Kasugho kwa matanga habari ilikuwa imekwisha pikwa ikaiva: kilima kimemchukua Vagheni kwa sababu dada yake alivuka kamba akiwa katika siku zake. Lusenge aliyeinua lango alijua ukweli wa saa na dakika, lakini mtu aliyeua bila kutaka hufurahi akipata mtu wa kumbebesha, naye alitikisa kichwa pamoja na wengine. Mungu amsamehe, mimi bado.

Mama Kanyere alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya watu. Alimwita Kasika mbele ya wote, akamuuliza, "Ulipita kamba?"

"Ndiyo, mama," Kasika akajibu. "Nilipita."

Hakusema uongo. Falonne alikuwa ameketi hapo hapo, amejifunika kitambaa kichwani, hakuinua uso. Kasika alimtazama, akatazama na tumbo lake. Alijua akisema ni nani aliyemshika kitenge, ukoo utamrudisha Falonne kwao jioni ile ile, na mimba ile itakwenda naye, na hiyo mimba ndiyo kitu pekee alichoacha Vagheni juu ya ardhi. Kwa hiyo hakuongeza neno. Mama yake akageuza uso ukutani, na tangu siku hiyo hakumtazama tena.

Mume wa Kasika alipata sababu aliyokuwa akiitafuta. Hata arobaini haikuisha, akamwambia hawezi kulala na mwanamke aliyemuua ndugu yake. Kasika alifika Butembo akiwa na mfuko mmoja na kinu, akakuta mimi natafuta mpangaji. Nilimpa chumba kwa sababu ya kile kinu. Nilijiambia mtu anayekimbia na kinu badala ya nguo ni mtu wa kazi.

Ilimchukua mwaka mzima kunisimulia, kipande kwa kipande. Aliponimalizia nilimwambia wazi kwamba yeye ni mjinga. Nilitaka Kasimu anipeleke Kasugho na lori, nisimame mbele ya mama huyo na ukoo wote niwaeleze saa ile ilivyokuwa. Tuligombana kwa sababu hiyo, tukanuniana wiki nzima, tunapishana uani kama wapangaji wasiojuana. Mwishowe aliniapisha. Alisema mtoto amezaliwa, ni msichana, anaitwa Abigaïl, anakulia kwa bibi yake, anakula, anapendwa. Nikifungua mdomo wangu nitamtoa mtoto huyo nyumbani kwake. Niliapa neno hilo halitafika Kasugho, na kwangu kuapa kunyamaza ni mzigo, mnanijua.

Miaka ikapita namna hiyo. Kila aliyetoka Kasugho alipewa na Kasika kitu cha kupeleka, sabuni, chumvi, kitambaa cha gauni la mtoto. Kitambaa kilitoka kibandani kwangu, nami nilimpunguzia bei huku nikilalamika ili asione haya. Hakuwahi kuletewa jibu. Falonne naye hakutuma salamu hata siku moja. Nilimchukia mwanamke huyo bila kumwona, na nilikuwa na hotuba niliyoiandaa, ndefu, yenye kila aina ya matusi yanayoruhusiwa na dini.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, mwendesha pikipiki mmoja alileta habari kwamba mama Kanyere ameanguka, mdomo umekwenda upande, anakula uji tu. Kasika akafunga mfuko siku hiyo hiyo. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, watu wenye silaha walikuwa wamechoma vijiji njiani na hakuna pikipiki iliyokubali. Alikwenda kituoni kila asubuhi na mfuko wake, akarudi nao. Siku kumi na moja. Sombe haikutwangwa na wateja wake walikuja kuniuliza mimi.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, tumeketi uani tunachambua maharagwe, pikipiki ikasimama nje. Akashuka mwanamke mwembamba, kichwa kimenyolewa, ameshika mkono wa msichana wa miaka mitano hivi aliyevaa gauni la kitambaa ninachokijua, maana nilikikata mwenyewe. Nikaelewa huyo ni nani kabla hajafungua mdomo. Kasika alikuwa akitazama kile kichwa kilichonyolewa. Alielewa na yeye, maana kwao hunyolewa aliyefiwa.

Falonne alisalimu kwa heshima, tukampa kiti, akakataa kuketi. Alieleza akiwa amesimama. Mama alikufa Jumamosi, wakamzika Jumatatu, na njia ilifunguliwa jana tu. Ameondoka alfajiri ili Kasika asiyasikie kwa watu wa barabarani. Kasika alishusha ungo wa maharagwe chini polepole. Hakulia. Alimvuta mtoto kwake, akamfuta matope miguuni kwa ncha ya kitenge chake, mguu mmoja, kisha mwingine.

Mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia hotuba yangu. Lakini Falonne alikuwa hajamaliza.

"Nilimuambia mama yote, wifi," alisema. "Siku tatu mbele ya kufa. Akili yake ilikuwa nzima. Nilimuambia ni miye nilikushika kitenge. Nilimuambia ulipita nyuma, tope ikiwa imeshaenda. Nilimuambia sikupenda kusema juu niliogopa watanifukuza na mutoto."

Kasika aliuacha mguu wa mtoto. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote ile, ulifunguka. Kwa kitambo kifupi nilimwona msichana aliyebebwa na kaka yake kwenda kwa daktari. Nami hotuba yangu yote ikanitoka kichwani, kwa sababu nilifurahi. Nasema kweli, mbele ya habari ya kifo, nilifurahi kwa ajili yake.

"Akasema nini?" Kasika aliuliza.

Falonne alinitazama mimi, kama vile ningeweza kumsaidia. Akasema mama alikuwa mgonjwa, maneno ya mgonjwa si ya kuyabeba. Kasika akarudia kuuliza. Falonne akasema mama alilia. Kasika akauliza mara ya tatu, kwa sauti ile ile ya chini, na Falonne akashindwa.

"Aliniuliza kama pale kwenye kamba tulikuwa tunaona Lusenge anataka kufungua. Nikamujibu ndiyo, tulikuwa tunaona. Kisha akasema, 'Basi angepita tu. Alikuwa kaka yake.'"

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, wifi. Hakusema tena kitu mpaka akakufa."

Nilisimama. Nilikuwa na hasira ya kupasua kifua. Mwanamke yule yule aliyemfukuza binti yake miaka sita kwa sababu alivuka, sasa anamhukumu kwa sababu hakuvuka! Nilianza kusema hivyo, na nilikuwa nimepandisha sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta, lakini Kasika aliinua mkono.

"Mama Lukman, acha," alisema. "Mama anasema kweli."

Falonne akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya maharagwe. Alilia, akaomba msamaha, akasema mkono wake ndio uliomuua mumewe, usiku hapati usingizi, akimwangalia mtoto anaiona siku ile, na kama Kasika anataka atakwenda mbele ya ukoo wote akaseme. Kasika alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mabega akamwinua, taratibu, jinsi anavyoinuliwa mtu aliyetoka kujifungua.

"Mukono yako haikukuwa na nguvu, Falonne," alisema. "Ulikuwa na mimba, ulikuwa mwembamba vile uko sasa. Ningetaka kupita, ningepita."

Hakukuwa na hasira ndani ya maneno hayo, ndiyo maana Falonne aliyasikia yote. Nilimwona akirudi nyuma hatua moja, ameziba mdomo. Miaka yote hiyo nilimwambia Kasika kwamba alishikwa, hana kosa, alishikwa, na yeye alikuwa akiniitikia tu ili nipumzike. Hakuwahi kuamini. Kule kwenye matanga hakunyamaza kwa sababu ya mimba peke yake. Aliona kwamba kufukuzwa kunamstahili, na aliloliomba alfajiri zote zile halikuwa mama aambiwe ukweli. Alitaka mama yake amsamehe bila kuujua.

Alikwenda jikoni, akanawa mikono, akapasha sombe iliyobaki, akamwekea Abigaïl na ugali. Mtoto alikula yote. Aliuliza kwa nini tantine, shangazi yake, halii, na mama yake akamwambia ale kimya. Walipomaliza nilimwita Kasimu kwa simu atafute gari la kuaminika, nao wakaondoka kabla ya saa nane ili njia isiwakute gizani. Kasika aliwasindikiza hadi barabarani, akambusu mtoto, akampa Falonne mkono.

Aliporudi alikaa chini karibu nami, akauchukua ungo, tukaendelea na maharagwe. Alichambua konzi moja, akachambua nyingine, kisha mikono ikasimama na akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika uso. Nilidhani anamlilia mama yake. Nilisogea nikamkumbatia, na nilipokaribia ndipo nikasikia jina analoita, lilikuwa la Vagheni.